Mtungi upi wa kuzimia moto kwenye Datsun 240Z ya 1972: unga, kaboni, gesi safi au kijiti?

BabaZed (Tanga)
Wakuu, habari za jioni. Nina Datsun 240Z ya 1972, niliachiwa na marehemu baba. Ililala bandani miaka tisa, mwezi uliopita ndiyo imerudi barabarani. Jumapili natoka Mombo kupanda Soni, nikasikia harufu ya petroli. Kusimama na kufungua boneti, mpira wa kabureta ya nyuma umepasuka, unadondosha. Mnaoijua gari hii mnajua kabureta zote mbili zimekaa juu ya manifoldi ya ekzosi, upande uleule wa injini. Tone likianguka, linaangukia chuma cha moto. Mungu alisaidia halikuwaka.

Mtungi wangu, ule wa kumwonyesha trafiki, ulikuwa nyuma chini ya begi na kreti ya soda. Mpaka leo nikikumbuka mikono inatetemeka.

Nimeulizia, nimepata machaguo manne: unga wa ABC, kaboni dayoksaidi, gesi safi ya kuagiza nje, na kile kijiti cha potasiamu. Ninyi mnabeba nini?

SpanaKumi
Pole sana mkuu. Unga, tena usifikirie mara mbili. Unazima petroli, unazima nyaya, unazima siti na mazulia, na kuujaza upya ni rahisi kila mji. Ila usichukue wa kilo 1. Huo unaisha kwa sekunde 8 hivi, na ukiwa na hofu tatu za kwanza unapulizia hewani. Chukua kilo 2.

Jambo moja watu hulisahau: unga unashindiliwa na mtikisiko wa barabara. Kila mwezi ugeuze mtungi juu chini, uugonge kwa kiganja mpaka usikie unga unatembea ndani. Geji inaweza kuonyesha kijani na unga umeganda kama saruji.

Nyali_Pwani (Mombasa)
SpanaKumi nakuheshimu, lakini kwa sisi wa pwani unga wa ABC ni msiba wa pili. Ile ni fosfeti ya amonia. Ikigusa chuma cha moto inayeyuka na kunata, ikipata unyevu inakuwa asidi. Kichwa cha injini ya Zed ni alumini, kabureta pia. Rafiki yangu alizima moto mdogo tu, gari likakaa wiki mbili bila kuoshwa. Tulipokuja kufungua, alumini imelika na soketi za nyaya zimeota ukungu wa kijani.

Mimi nabeba gesi safi, aina ya Halotron. Haiachi hata vumbi. Kabla yake watu walitumia haloni, lakini kwa sababu ya tabaka la ozoni nchi tajiri ziliacha kuitengeneza kufikia 1994, na kwetu ikafuata 2010. Ni ghali, sikatai. Lakini gari hii ndiyo iliyoshinda Safari Rally 1971 na 1973, na vipuri vyake halisi vinazidi kuadimika. Nikipoteza kabureta nitazipata wapi?

MamaMG
Kaka zangu, mnabishana kilichomo ndani ya mtungi, mimi nawauliza umefungwa na nini. Nina MGB ya 1974. Siku moja nilifunga breki ya ghafla, mtungi ukachomoka kwenye kishikio cha plastiki ukabiringika hadi chini ya pedeli. Breki haikushuka tena. Niliokolewa na breki ya mkono na barabara iliyokuwa tupu.

Kishikio kiwe cha chuma, mkanda wa chuma, boliti zipite kwenye sakafu au fremu ya siti. Na ufikiwe ukiwa umekaa na mkanda umefungwa. Mtungi wa kwenye buti hesabu kwamba huna.

FundiMstaafu
Vijana wangu, kaboni iacheni ofisini. Mtungi wa kilo 2 kwa jumla unafika kilo 5 na ushee, na presha yake ni bar 57 kwenye joto la nyuzi 20 tu. Gari likianikwa juani ndani ni tanuri, presha inapanda vibaya. Halafu gesi yenyewe inapeperushwa na upepo, chuma bado cha moto, petroli inawaka upya.

Kijiti cha potasiamu nimekitumia. Chepesi, hakina presha, unakiwasha kwa kukikwaruza kama kiberiti na kinatoa moshi wa kuzima moto kwa sekunde 50 au 100. Kwenye nafasi iliyojifunga kama ya injini kinafanya kazi vizuri, ila nje kwenye upepo hakisaidii, na lazima usogee karibu.

Sasa sikilizeni, mtungi wowote utashindwa ukikosea boneti. Boneti ya Zed bawaba zake ziko mbele, inafungukia upande wa kioo. Ukiinyanyua yote, hewa inaingia na moto unakujia usoni. Zima swichi kwanza. Pampu ya petroli inaendeshwa na injini, ikisimama nayo inasimama. Vuta kishikio cha ndani, boneti ijiachie hadi kwenye kulabu ya pili, pulizia kupitia mwanya huo, chini kwenye chanzo. Mtungi ukiisha na moto bado upo, ondokeni. Tangi liko nyuma.

Na mipira ya petroli badilisha yote, siyo ule mmoja uliopasuka. Ikilala miaka tisa imekufa yote.

BabaZed
Shikamoo fundi, asante sana. Mipira yote nimeng'oa jana, miwili imekatikia mkononi.

Nyali, nimekuelewa kuhusu alumini. Kwa sasa nimechukua unga wa BC kilo 2, ule wa bikaboneti. Hautasaidia sana siti zikiwaka, lakini kwa petroli unafaa na hauli chuma kama ABC. Gesi safi nitaagiza mfuko ukiruhusu.

Nyali_Pwani
Sawa kaka. Ukiupuliza tu, siku hiyohiyo pigia brashi kavu kwanza, ndipo uoshe.

BabaZed
Nimekuelewa. Dada MamaMG, nimeufunga mbele ya siti ya abiria, kishikio cha chuma, boliti mbili kwenye sakafu. Nimekaa na mkanda, mke wangu akashika saa: kutoka usukani hadi pini mkononi, sekunde 4. Yeye kutoka upande wake, 2.