ERC: wapigaji wameshakula asilimia yao, mwenye biashara ndogo kaachiwa IRS

Wakuu mlioko Marekani, hili la ERC, ile nafuu ya kodi za mishahara ya kipindi cha korona, limekuwa wizi wa mchana kweupe. Wapigaji, yaani madalali wa kukujazia madai kwa asilimia, walikuwa wanapiga simu asubuhi hadi jioni: "Una dola 26,000 kwa kila mfanyakazi, zimelala tu!" Hesabu yenyewe ni 5,000 za mwaka 2020, jumlisha 7,000 mara robo 3 za 2021 (robo ni miezi mitatu). Hicho ni kilele. Kukifikia ni lazima mfanyakazi awe amelipwa 10,000 kila moja ya robo hizo 3 za 2021 na biashara ifuzu robo zote hizo. Wangapi walifuzu?

Kipimo cha mauzo hakina siri. 2020, mauzo ya robo yawe chini ya nusu ya robo ileile ya 2019. 2021, chini ya asilimia 80. Uliuza 100,000 robo ya pili 2019, ukauza 81,000 robo ya pili 2021? Hujafuzu, labda uokolewe na robo iliyotangulia, maana kwa 2021 sheria iliruhusu kuitumia hiyo. Wapigaji hawakuomba hata ripoti ya mauzo. Walijaza tu kwamba mzigo ulichelewa bandarini, wakati IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa asiyefuzu kwa mauzo inataka amri halisi ya serikali, iliyokufungia wewe au msambazaji wako. Humo humo wakaingiza visivyoruhusiwa: mshahara wa mwenye zaidi ya nusu ya hisa, wa watoto wake, na mishahara ileile iliyokwisha kutumika kusamehewa mkopo wa PPP, ule wa serikali wa kipindi cha korona.

Chukua nakala ya 941-X yako, fomu ya marekebisho ya kodi za mishahara iliyotumika kudai ERC, nenda chini kabisa ukurasa wa mwisho, sehemu ya mtayarishaji anayelipwa. Kama ni tupu, ujue aliyechukua asilimia 20 ya hela yako hakuthubutu kutia saini kazi yake. Sahihi iliyopo ni yako peke yako.

Na serikali nayo! Mwisho wa kudai robo za 2021 ulikuwa 15 Aprili 2025. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 ikarudi nyuma: madai ya robo ya tatu na ya nne yaliyotumwa baada ya 31 Januari 2024, na hayajalipwa, hayalipwi tena. Mtu aliyetuma ndani ya muda, mwenye vielelezo vyote, kapoteza. Zaidi ya hapo, kwa robo hizo mbili sheria hiyo imeiongezea IRS muda wa kukudai hadi miaka 6.

Mwenye barua ya 105-C, ile ya IRS ya kukataa madai, asome tarehe yake kwanza. Una miaka 2 kuanzia hapo kwenda mahakamani, na kukata rufaa ndani ya IRS HAKUSIMAMISHI saa hiyo. Ukiona muda unayoyoma, omba Fomu 907, makubaliano na IRS ya kuongeza muda wa kwenda mahakamani. Bila sahihi ya pande zote mbili kabla ya siku ya mwisho ni karatasi tu.

Waliolipwa nao wasikae kimya. Ukirudishiwa 30,000, gharama za mishahara ulizokata kwenye kodi ya mapato zinapungua 30,000. Kama hukurekebisha ritani ya mwaka ule, tangu Machi 2025 IRS inakubali uiingize kama mapato ya mwaka uliopokea hela.

Mliosaini mikataba ya asilimia: kipengele cha kurudisha ada madai yakikataliwa kinasemaje? Kibandikeni hapa, majina mfiche.