Naomba ushauri: kumpandisha mbwa Mlima Bierstadt (mita 4,287), Labrador wa kilo 29

NyotaYaAurora
Wakuu salaam. Niko Aurora, Colorado, naomba mwongozo wa wanaojua kupanda milima ya huku na mbwa. Ninaye Labrador mweusi, dume, miaka 3, kilo 29, anaitwa Bosi. Afya yake nzuri na chanjo zote anazo, ila amezoea zulia, nyasi na lami ya mtaani, na hajawahi kufika juu ya mita 2,500. Nataka kumpeleka Bierstadt Jumamosi ya katikati ya Julai, yaani wiki sita kutoka sasa. Mpango wangu ni kuanza kutembea saa 2 asubuhi, mimi na yeye tu. Kamba ya kufunga kiunoni ninayo, viatu vyake nataka kuagiza. Je, hewa ya kule ataihimili? Nibebe maji kiasi gani? Viatu ni lazima?

Kilele_Mkuu
Dada Nyota, afadhali umeuliza mapema. Nianze na njia yenyewe.

Maegesho ya Guanella Pass, unakoanzia kutembea, yako kama mita 3,557. Hapo miti imeshakwisha, kwa hiyo kivuli hakuna tangu gari mpaka kileleni, na mbwa wako ni mweusi. Njia kwanza inashuka: unapita vichaka vya mierebi na matope juu ya njia za mbao, unavuka kijito cha Scott Gomer, ndipo unaanza kupanda. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 11 na nusu, na kupanda kwa jumla ni kama mita 870. Kumbuka ule mteremko wa mwanzo unakuwa kilima wakati wa kurudi, mbwa akiwa amechoka.

Mpaka kwenye bega la mlima, karibu mita 4,200, unakanyaga udongo, kokoto na ngazi za mawe. Kutoka bega kwenda kileleni ni majabali yaliyopandana, makavu na yanayokwaruza kama msasa, na mtu mwenyewe anashikilia kwa mikono. Hapo ndipo mbwa wa nyumbani wanapoishia. Wengi pumzi wanakuwa bado wanayo, ila nyayo zimekwisha.

Saa 2 asubuhi umechelewa sana. Julai na Agosti mawingu ya radi yanaanza kujijenga kabla ya mchana, na pale juu hamna pa kujificha. Anza kutembea saa 11 alfajiri na taa ya kichwani, na saa 5 uwe umeshageuza, hata kama kilele unakiona. Jumamosi maegesho yanajaa kabla jua halijachomoza. Ukipata ruhusa kazini, nenda Jumanne au Jumatano.

Kamba ni sheria. Pori lile la hifadhi lilipewa jina la Mount Evans, ingawa mlima wenyewe ulibadilishwa jina mwaka 2023 ukawa Mount Blue Sky, na ndani yake mbwa anatakiwa awe kwenye kamba muda wote. Hata bila sheria ningekwambia hivyohivyo. Kwenye ile mierebi wanakaa moose, jamii ya kulungu mkubwa kama farasi, na wao mbwa wanamwona kama mbwa mwitu. Mbwa aliyefunguliwa anamchokoza, anafukuzwa, anakukimbilia wewe, na moose yuko nyuma yake.

Daktari_wa_Mifugo
Nijibu la hewa. Kwenye mita 4,287 shinikizo la hewa ni kama asilimia 60 ya lile la ufukweni. Mbwa mzima wa afya kwa kawaida anavumilia, lakini anaweza kuugua kimo, yaani kuumwa kwa uhaba wa hewa ya juu, kama binadamu, na hana mdomo wa kusema kichwa kinamuuma. Kwa hiyo angalia haya: anakataa kitu anachokipenda siku zote, anatapika, anayumba, anakohoa, anajilaza kila mnaposimama, au fizi zimepauka au kuwa za buluu. Ukiona mojawapo, hakuna kusubiri aone nafuu. Shuka naye angalau mita 500, na kikohozi au fizi za buluu mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kipimo rahisi: simameni dakika 10. Kuhema kunapaswa kupungua waziwazi. Kisha bonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Kama bado anahema kwa nguvu ileile, au rangi inachelewa, safari ya juu imeishia hapo.

Usiku wa kuamkia safari laleni Georgetown, kama mita 2,600. Ni chini ya barabara ya kwendea Guanella Pass, na kunampa mwili nafasi ya kuzoea kidogo kuliko kutoka Aurora, mita 1,600 na ushei, moja kwa moja.

Maji: kilo 29, siku ya kawaida nyumbani anahitaji kama lita 1.7. Mlimani anapoteza zaidi, maana mbwa hujipoza kwa kuhema na hewa ya kule ni kavu. Beba lita 2 zake peke yake, mbali na zako. Mpe mililita 150 hadi 200 kila nusu saa, usingoje aombe. Kijito kiko mwanzoni tu, na maji yake yanaweza kuwa na giardia, vijidudu vya kuharisha, basi mnyweshe kabla hajakifikia ili asiyafakamie. Chakula cha asubuhi kiwe kidogo, muda wa saa mbili au tatu kabla ya kuanza, halafu vipande vidogo njiani.

FundiWaNyayo
Swali la viatu naona ndilo zito kuliko yote.

Kupima: weka mguu wa mbele juu ya karatasi, nyanyua mguu wa mbele wa upande wa pili ili uzito wote ushuke, unyayo utatanuka. Chora alama kushoto na kulia pamoja na kucha, pima upana. Rudia nyuma, kwa sababu mbwa wengi miguu ya nyuma ni midogo. Ukinunua saizi moja kwa minne, viwili vitachomoka kwenye jabali la kwanza. Nunua vyenye soli ya mpira laini, na beba viwili vya akiba.

Kuzoeza: dakika 5 ndani ya nyumba kila siku kwa wiki nzima, kisha uani, kisha njia ya mawe. Siku za mwanzo atanyanyua miguu juujuu kama anakanyaga makaa, mwache, hutulia. Mkanda wa kiatu ukae juu ya ile kucha ya pembeni, usiibane. Kucha hiyo ndiyo inayochubuka kwanza, izungushie bendeji inayojishika yenyewe mara moja au mbili, na uweze kupenyeza kidole chini yake. Kila saa vua, kung'uta mchanga, kausha. Punje ndogo ndani ya kiatu inatoboa ngozi kuliko jiwe lenyewe.

Lakini viatu visikufanye uache kukomaza nyayo. Una wiki sita, zitumie. Wiki mbili za kwanza kilomita 3 hadi 5 za changarawe mara tatu kwa wiki, bila viatu. Zinazofuata, vilima vya mawe. Wiki ya tano mpeleke St. Mary's Glacier, ambako unaanzia juu ya mita 3,100, uone anavyohema. Wiki ya mwisho mpumzishe. Kucha zikate siku 3 au 4 kabla, si asubuhi ya safari.

Na hiyo kamba ya kiunoni, nakusihi, wakati wa kushuka ifungue uishike mkononi. Kilo 29 zikiruka kutoka jabali moja kwenda lingine zinakuvuta kiuno ukiwa umesimama kwa mguu mmoja. Mvalishe mkanda wa kifua wenye mshikio mgongoni umsaidie kwa mkono, shingoni usimvute. Mzigo asibebe safari ya kwanza.

NyotaYaAurora
Asanteni sana, saa 2 nimeifuta. Mbwa akichechemea, naweza kumpa nusu ya ibuprofen yangu? Na karanga zangu za safari, zile zilizochanganywa na zabibu kavu, tunaweza kugawana?

Daktari_wa_Mifugo
Hapana kwa yote mawili. Ibuprofen inaweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo, na paracetamol nayo usimpe. Dawa ya maumivu ya mbwa chukua kwa daktari wake kabla ya safari, pamoja na kipimo kilichoandikwa. Zabibu kavu zinaua figo za mbwa, na chokoleti ni sumu kwake. Siagi ya karanga soma kopo: ikiwa na xylitol, ile sukari mbadala, usiisogeze karibu yake.

Mmeru_wa_UsaRiver
Wadau, na sisi tulio nyumbani? Mlima Meru ninauona dirishani, naweza kwenda na mbwa wangu?

Kilele_Mkuu
Ndugu, Meru iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na mbwa haruhusiwi kwenye hifadhi za taifa. Kilimanjaro hivyohivyo, na Mlima Kenya upande wa pili wa mpaka. Sababu ni nzito: mwaka 1994 homa ya mbwa iliingia Serengeti ikaua karibu theluthi moja ya simba. Tembea naye mashambani na njia za vijijini, mkiwa na chanjo ya kichaa cha mbwa. Hata huku, Rocky Mountain National Park hairuhusu mbwa kwenye njia zake.

Msaada_Njiani
Dada, umesema "mimi na yeye tu". Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko hewa. Agosti 2012, kwenye ukingo wa majabali unaounganisha Bierstadt na ule uliokuwa ukiitwa Evans, mbwa wa aina ya German shepherd aitwaye Missy alichanika nyayo akashindwa kutembea, na dhoruba ilikuwa inakuja. Aliachwa. Alikaa siku 8 mpaka kundi la wapandaji waliojitolea lilipomfuata likamteremsha mgongoni kwa zamu.

Mtu mmoja hawezi kuteremsha kilo 29 kwenye majabali salama. Tafuta angalau mwenzako mmoja mwenye nguvu, wawili ni bora. Beba tandiko la kitambaa la kumbebea mbwa, linakunjwa likawa dogo kama fulana, na fanyeni mazoezi nyumbani: aingie, mwinue, mtembee naye mita 50. Vikosi vya uokoaji vya Colorado ni vya watu wa kujitolea, na kwanza wanaokoa binadamu.

Mimi safari ya kwanza ningeigeuzia begani, kwenye mita 4,200. Anayetaka kilele aende, mwenzake abaki na Bosi, kisha wabadilishane kama muda upo.

NyotaYaAurora
Nimekubali, begani ndiyo mwisho wetu. Kaka yangu atakuja, na tutaenda Jumanne. La mwisho: unyayo ukichanika kidogo naye bado anakanyaga, nifanye nini palepale?

FundiWaNyayo
Osha kwa maji safi mpaka mchanga wote utoke, ukiona kijiwe kitoe kwa kibano. Kausha, pamoja na kati ya vidole, kwa sababu unyevu ukifungiwa ndani unalainisha ngozi ikazidi kupasuka. Weka shashi isiyoganda kwenye kidonda, pamba kidogo kati ya vidole, zungusha bendeji bila kuvuta, ukianzia vidoleni kwenda juu, kisha mvalishe kiatu. Baada ya dakika 20 fungua utazame: vidole vikiwa vimevimba au baridi, umebana. Damu isipokoma kwa kukandamiza dakika 5, au akikataa kukanyaga, toa tandiko. Kaka ashike mbele, wewe nyuma.