Mtetea wangu hali chakula, shingo imevimba kwa mbele. Daktari wa mifugo hapatikani, nifanyeje?

Nalongo wa Busia
Jamani habari za jioni. Nina mtetea wa kienyeji, ndiye mlezi wa vifaranga hapa nyumbani. Tangu juzi amejikunyata karibu na jiko, mabawa yameshuka, anasinzia mchana kutwa. Posho hataki, hata kumbikumbi nimemwekea akawatazama tu. Afisa mifugo wa gombolola simu yake imezimwa. Dukani kwa dawa za mifugo ukiuliza, nao wanakuuliza wewe unataka ipi. Jirani anasema nifungue kapsuli ya tetrasaikilini ya watu nimtilie mdomoni. Nimpe?

Boda wa Tororo
Nalongo, chinja leo. Kesho utakuwa unazika.

Hajati Bombo
Boda, acha mzaha na mali ya watu. Na kuku mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujulikani haliwi wala hapelekwi sokoni, ndivyo mnavyomaliza kuku wa kijiji kizima.

Nalongo, hiyo kapsuli weka kwanza. Mtenge na wenzake: boksi, majani makavu, mahali penye joto pasipo na upepo. Ukitoka kwake nawa mikono, na viatu usiingie navyo kwa wazima. Maji yawe karibu, tia sukari kidogo na chumvi chembe tu. Halafu tuambie: kinyesi kikoje? Wenzake wazima? Shingo inajipinda? Anahema mdomo wazi? Huo uvimbe ukiubonyeza ni mgumu au unabonyea?

Mwalimu Arua
Sisi huku tunaponda pilipili kali na mshubiri tunatia kwenye maji. Kuku wanachangamka.

Afande Mstaafu
Mwalimu, kuchangamka sio kupona. Kama ni mdondo, huu wa Newcastle, hakuna pilipili wala antibiotiki inayouweza. Ni virusi. Dawa yake ni chanjo kabla haujafika, na kuku akishaugua chanjo haimwokoi.

Nalongo wa Busia
Asante Hajati. Wenzake wote wazima, wanaparua kama kawaida. Shingo haijipindi, kuhema sawa. Kinyesi ni kidogo sana, majimaji ya kijani, hiyo ndiyo imenitia hofu. Uvimbe uko pale kifuani juu, ni mgumu kama unga uliokandwa ukakauka.

Hajati Bombo
Kijani peke yake isikutishe. Kuku asiyekula hutoa kijani, ni nyongo hiyo haina chakula cha kuchanganyika nacho. Mdondo ungekuwa umeshaangusha wengine.

Mimi naona ni ule mfuko wa chakula wa shingoni umeziba. Usiku huu usimpe chakula chochote, maji tu. Alfajiri kabla hajala mguse tena. Kuku mzima huamka mfuko umeshuka wote, chakula kimekwenda kwenye firigisi. Ukiukuta bado umejaa na mgumu, ndio huo. Ukiukuta laini, unachezacheza kama mpira wa maji na mdomo unanuka uchachu, rudi hapa, hiyo ni habari nyingine.

Kijana wa Jinja
Shangazi yangu alimpasua wake kwa wembe, akatoa majani, akashona na uzi. Alipona.

Afande Mstaafu
Na wangapi hawakupona hakukuambia. Wembe aachiwe daktari.

Nalongo wa Busia
Alfajiri nimemgusa. Umejaa vilevile, mgumu.

Hajati Bombo
Haya. Chukua mafuta ya kupikia ya uvuguvugu, kijiko cha chai kisijae. Mdondoshee pembeni mwa mdomo tone tone, umpe nafasi ya kumeza. Tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi, ukimimina kwa haraka yanaingia kwenye mapafu na utamuua wewe mwenyewe. Kisha kanda ule mfuko kwa vidole, taratibu, dakika chache, umpumzishe. Rudia mara kadhaa mchana. Na mtu asikudanganye umning'inize kichwa chini atapike, hapo ndipo wengi hufa.

Afande Mstaafu
Angalia pia anachookota. Kaveera (mfuko wa plastiki), uzi wa gunia, nyasi ndefu zilizokatwa, hivyo ndivyo vinavyoziba. Kama unawafungia ndani, wawekee changarawe ndogo. Kuku hana meno, firigisi inasaga kwa mawe.

Mwalimu Arua
Samahani kuingilia uzi. Vifaranga wangu kinyesi kina damu, wamejikunja.

Afande Mstaafu
Koksidiosisi hiyo, Mwalimu. Ulizia amproliamu, inatiwa kwenye maji, kipimo fuata karatasi yake. Na utoe matandazo yote yenye unyevu leo leo, usipofanya hivyo dawa unaimwaga bure.

Nalongo wa Busia
Banange! Umelainika. Jioni ametoa kinyesi kingi na ndani yake kuna nyuzi za gunia la mahindi. Sasa anatafuta chakula. Nimpe posho?

Hajati Bombo
Posho bado. Uji mwepesi, kidogo kidogo, mahindi mazima baadaye kabisa. Kila alfajiri mguse. Ukianza kujaa tena hata kwa uji, basi lazima umtafute daktari, mfuko unaweza kuwa umelegea.

Nalongo wa Busia
Sawa Hajati. Na hawa wazima, chanjo ya mdondo sijawahi kuwapa. Ni wachache tu, chupa nzima ni ya nini?

Afande Mstaafu
Chupa ni ya kuku wengi na ikishachanganywa haiwekwi hadi kesho. Ongea na majirani mchange. Ulizia ya I-2, inavumilia joto kuliko nyingine, ila uibebe kwenye kitu cha baridi. Tone moja jicho moja, wazima tu, na mrudie kila baada ya miezi 3 au 4. Huyo mtetea mwacheni kwanza hadi apate nguvu.