Muziki mpya mtandaoni: YouTube, Spotify, Audiomack, Radio Garden au Bandcamp? Njooni tubishane

Fundi Pancha
Wakuu salaam. Nina kibanda cha baiskeli hapa Ngamiani, na baiskeli za Tanga mnazijua, haziishi. Tangu saa mbili asubuhi spika inapiga. Shida nyimbo zangu zimechakaa kuliko tairi ninazoletewa. Wimbo haujaisha, kijana wangu keshataja unaofuata.

Miezi miwili hii nimekuwa natafuta muziki ambao sijawahi kuusikia kabisa. Sisemi zinazotamba wiki hii, hizo bodaboda wananipitishia bure.

YouTube nilianza nayo kama kila mtu. Ukiiacha ijiendeshe, nyimbo tatu za mwanzo safi, ya nne ni ile uliyoisikiliza jana. Picha inakula bando, na mimi wa bure nikizima kioo muziki unakata. Kilichonifaa ni maoni chini ya video. Watu wanabishana pale kuhusu nani kamwiga nani, nami nafuata majina. Hivyo ndivyo nilivyotoka kwenye dansi letu nikaangukia Bembeya Jazz ya Guinea, na magitaa yale yalinifanya nisahau baiskeli ya mtu hadi magharibi.

Spotify ipo kwetu tangu 2021. Kila Jumatatu inakuwekea nyimbo 30 kwenye orodha inayoitwa Discover Weekly. Mwezi wa kwanza nilidhani kuna mtu ananichungulia moyoni. Halafu dada yangu akaazima simu kwenye shughuli, rusha roho ikapigwa mpaka alfajiri. Jumatatu iliyofuata orodha ilijaa rusha roho. Siichukii, lakini nimezaliwa nayo, sasa upya uko wapi?

Audiomack, programu nyingine ya muziki, naipendea kushusha nyimbo bure nikiwa kwenye waifai ya jirani (kwa ruhusa yake, msianze). Kwa kuvumbua, ukurasa wa mbele ni wale wale. Boomplay vivyo hivyo kwangu.

Nyie mnapataje?

Mgosi wa Bumbuli
Mkuu, kosa ni lako na dada. Ile orodha inatazama watu wengine waliochanganya nyimbo unazozipenda na nyimbo gani nyingine kwenye orodha zao, kisha inakuletea ulizozikosa. Ukimpa dada simu usiku kucha, umeshaunganishwa na wapenzi wa rusha roho. Kabla hujaazima simu, ingia kwenye mipangilio, washa usikilizaji wa faragha. Yatakayopigwa hapo hayana uzito mkubwa kwenye mapendekezo yako.

Jingine: unaupenda wimbo, uhifadhi palepale. Orodha ile ni kama Tanga yetu, waja leo waondoka leo. Jumatatu ikifika ya zamani imefutwa.

Na bando lipigie hesabu. Ubora wa sauti wa kilobiti 96 kwa sekunde unakula kama MB 43 kwa saa. Ukipandisha hadi 320, ambayo ni ya wanaolipia, ni MB 144. Kwenye spika ya kibanda, pikipiki zinapita, nani ataisikia tofauti?

Binti Sahare
Mashine zote hizo zinakuzungusha kwenye ulichokwisha kukipenda. Mimi naenda redioni. Fungua Radio Garden, mradi ulioanzia Uholanzi. Unaona dunia nzima ina vitone vya kijani, kila kitone mji wenye stesheni zake. Unazungusha kwa kidole, unasimama unapotaka. Jana nilikuwa Bamako, Mali, wakati nakaanga samaki.

Kasoro yake ni matangazo na habari za watu usizozielewa, na wimbo ukipita umepita. Hapo naiwashia Shazam, ile programu ya kutambua wimbo kwa kuusikia, kwenye simu ya pili. Kwa nyimbo zisizojulikana sana mara nyingi inashindwa.

Ndiyo maana nikitaka jina la wimbo bila kukimbizana, nasikiliza NTS, redio ya mtandaoni ya London. Watangazaji wake wengi ni wakusanyaji wa muziki, vipindi vya nyuma vimehifadhiwa, na vingi vina orodha ya nyimbo zilizopigwa. Bure, na hakuna matangazo ya biashara.

Mzee wa Raskazone
Nawasoma nacheka. Mnazunguka dunia kutafuta muziki msioujua, na wa Ngamiani hamuujui. Nani hapa amekaa akasikiliza Black Star na Lucky Star toka mwanzo hadi mwisho? Watu hawa ndio walioipa taarabu gitaa la umeme na besi, wakapunguza ule msafara wa fidla. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilikusanya nyimbo zao ikazitoa huko Ulaya, sisi tukiwa tumeziacha zikipigwa na vumbi.

Njia yangu ni Discogs, tovuti yenye orodha ya santuri za dunia. Ukifungua santuri yoyote mle, mara nyingi unaona kampuni iliyoitoa, na wapigaji wakiwa wameandikwa. Bonyeza jina, unapata alikopiga tena. Kisha ndiyo nakwenda YouTube kuusaka wimbo kwa jina lake, siyo kungoja iniletee. Inachosha macho, lakini sijawahi kurudi mikono mitupu.

Fundi Pancha
Shikamoo mzee. Marehemu babu alikuwa na santuri za Jamhuri Jazz, bendi ya hapa hapa Tanga, tukazichezea kama visahani. Usinitukane, nimeshajitukana.

Mzee wa Raskazone
Marahaba. Nyamaza tu mwanangu.

Kijana wa Bagamoyo
Hamjagusa Bandcamp. Pale msanii anajiwekea kazi yake, unasikiliza kabla ya kununua, na unaweza kutafuta kwa mji au kwa aina ya muziki. Mimi nimekulia na singeli ya kwenye vigodoro, ila ile ya studio, isiyo na maneno, inayokimbia kama cherehani, niliipata kwenye ukurasa wa Nyege Nyege Tapes. Lebo ya Kampala! Muziki umetoka Dar, mimi niko Bagamoyo, nikaupatia Uganda.

Ubaya ni malipo: PayPal au kadi. Na programu yake haikupangii kitu kama Spotify, lazima uchimbe mwenyewe.

Chuma Chakavu
Nyie watu mnafanya kazi saa ngapi?

Fundi Pancha
@Chuma Chakavu kiraka kikikauka nina dakika tano, zinatosha.

@Binti Sahare nimeiweka Radio Garden tangu asubuhi. Nimesimama Praia, Cape Verde, wanakotumia Kireno. Kuna muziki wao unaitwa funaná, kodiani inakimbizana na chuma kinachokwaruzwa kwa kisu. Mteja kaja kujaza upepo, upepo umejaa, hajaondoka. Mwisho kauliza, "Fundi, hii stesheni ya Msumbiji inashika namba ngapi?"