Kawawa alitoka chama cha wafanyakazi, mbona migomo ilibanwa akiwa Waziri Mkuu?

Katibu wa Tawi:
Wakuu, shikamooni mnaostahili. Nimechaguliwa juzi katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kazini kwetu. Sasa kuna mzee mmoja wa stoo, kila nikisimama kuongea ananitania: "Haya Kawawa, bungeni unakwenda lini?" Ikabidi nimsome huyo Rashidi Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Kinachonichanganya ni hiki: mtu alikuwa Katibu Mkuu wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, halafu serikali yake mwaka 1962 inatunga sheria ya kubana migomo. Aligeuka, au mimi ndiye sijaelewa?

Karani Mstaafu:
Marahaba mwanangu, hongera kwa ukatibu (na pole).

Anzia kwenye ukarani wake. Kawawa alisoma Tabora, akaajiriwa na serikali ya mkoloni. Hata sinema aliigiza. Mtumishi wa serikali alikatazwa kujiunga na TANU. Lakini chama cha watumishi Waafrika, TAGSA, hicho kiliruhusiwa, naye akakiongoza. Kwa watu wale chama cha wafanyakazi kilikuwa mlango wa uani: mbele pamefungwa komeo, unazungukia nyuma. TFL ikaundwa 1955, akawa Katibu Mkuu wake. Mwisho akaacha kazi ya serikali, akaingia TANU waziwazi.

Januari 1962 Mwalimu Nyerere anajiuzulu uwaziri mkuu akajenge chama, kiti anakikalia Kawawa. Mwaka huohuo ikaja sheria: hakuna kugoma mpaka mgogoro upite kwanza kwenye usuluhishi. Hoja yao ilikuwa kwamba mwajiri mkubwa sasa ni serikali yetu wenyewe, tunamgomea nani? Baada ya maasi ya wanajeshi Januari 1964 viongozi wengi wa vyama walikamatwa, TFL ikavunjwa, ikazaliwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, na katibu mkuu wake akawa anateuliwa na Rais.

Baba yangu alikuwa kuli bandarini Dar na mkusanya ada. Enzi za TFL, siku ya mshahara alisimama getini, mtu mmoja mmoja, na kila mmoja alimtolea shida yake kabla ya kutoa hela. Wakati wa NUTA ada ikakatwa hukohuko kwenye mshahara. Baba alisema: "Toka siku hiyo hakuna aliyenitukana, na hakuna aliyeniambia kitu." Mimi naona hapo ndipo palipovunjika, kuliko kwenye ile sheria.

Mtoto wa Reli:
Mzee, kwa heshima zote, unampaka Kawawa mafuta. Hoja ya "serikali yetu wenyewe" kuna wenzake waliikataa palepale. Tumbo wa chama cha reli alipelekwa ubalozi London, akaacha, akarudi kuanzisha chama cha upinzani. Mkello, rais wa TFL, 1963 akahamishiwa Sumbawanga, mbali kule kusini-magharibi, kwa amri ya serikali. Hao nao walisimama getini.

Karani Mstaafu:
Kweli, na Sumbawanga ya 1963 haikuwa matembezi. Simpaki mafuta. Nasema tu hakuwa mgeni aliyetoka nje kuja kuwafunga mdomo. Alizijua nguvu za mgomo kwa sababu aliwahi kuzitumia.

Jirani wa Mombasa:
Kwetu Kenya ni Tom Mboya, naye alitoka vyama vya wafanyakazi. Mgomo wa bandari hapa Mombasa, 1955, aliwasimamia makuli mpaka wakapata nyongeza ya asilimia 33. Miaka miwili baadaye yuko Baraza la Kutunga Sheria. Na 1965, yeye akiwa waziri, serikali ikavikusanya vyama vyote chini ya shirikisho moja, COTU. Wimbo ule ule, sauti tofauti.

Katibu wa Tawi:
Asanteni. Nimeshtuka kidogo: ada ya tawi letu pia inakatwa kwenye mshahara, na sijawahi kufika stoo ila kupita njia. Mzee, baba alikuwa anaandika wapi wasiolipa?

Karani Mstaafu:
Daftari la mistari. Hajalipa, jina linaandikwa kwa penseli. Akilipa, baba anapitisha wino juu yake. Ninalo mpaka leo, na wapo waliobaki penseli.