Simu, DSLR au kamera ya lenzi isiyobanduka: ipi nibebe jangwani?

Mchanga_Mwekundu
Wakuu, habari za saa hizi. Nina safari ya kundi, tunakwenda nchi ya jangwa, joto kali. Nimekwama kwenye vifaa vya picha. Nibaki na simu? Nibebe DSLR yangu ya zamani, ile kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, na lenzi zake mbili, milimita 18-55 na 55-250 (namba ikiwa kubwa, inavuta mbali zaidi)? Au ninunue kamera ndogo ya kukuza mbali, ile ambayo lenzi yake haibanduki? Naomba wenye uzoefu, si ushabiki.

Fundi_Mwanga
Mkuu, nchi za jangwa ziko nyingi. Nchi gani, mwezi gani, gari la namna gani, na unapiga nini: watu, wanyama au matuta? Bila hayo tunapiga ramli.

Bint_Nyika
Simu inatosha. Uzi ufungwe.

Mchanga_Mwekundu
Samahani, nilisahau. Namibia, Septemba, siku 12. Tuko 14 kwenye lori moja la watalii. Matuta ya Sossusvlei, mji wa pwani wa Swakopmund, halafu hifadhi ya wanyama ya Etosha. Napenda sana wanyama.

Fundi_Mwanga
Ungeanza na hilo. Septemba ni kiangazi, wanyama wa Etosha hujazana kwenye madimbwi, lakini si kila mmoja atakusogelea. Kwa simu, simba wa ng'ambo ya dimbwi anageuka kiroboto cha rangi ya kaki. Hapo ndipo 250 inapopata maana. Matuta ya Sossusvlei simu inayaweza kabisa. Shida ya kule ni saa. Jua likishapanda, kivuli kinakwisha na tuta linabaki bapa kama ukuta. Ulizeni kama mnalala ndani ya lango la Sesriem, la kuingilia kwenye matuta hayo. Waliolala ndani hutangulia kabla ya jua kuchomoza. Wa nje mnasubiri mawio, kisha kuna kilomita 60 na ushee za kwenda.

Jicho_la_Tatu
Ngoja niseme yaliyonikuta, njia hiyohiyo, DSLR na lenzi mbili. Kwenye tuta liitwalo Dune 45 tulipewa dakika 40. Nimefika nusu ya tuta, upepo unafagia mchanga ukingoni kama moshi, chini namwona choroa anapita peke yake. Nikaupa upepo mgongo, nikabandua lenzi fupi, nikabandika ndefu. Sekunde tano, labda sita. Choroa keshaondoka. Jioni nakagua: madoa saba angani, kila picha, palepale.

Kosa kubwa likafuata. Nikafungua kamera, nikafuta sensa, kile kibamba cha ndani kinachonasa picha, kwa kona ya fulana. Kulikuwa na punje bado. Ikachora mstari. Lenzi ndefu nayo ikaanza kusaga krr krr kila nikikuza, siku ya nane ikagoma, haiendi mbele wala hairudi. Tembo wangu wote wa Etosha ni wa milimita 90. Fundi alipoifungua nyumbani alimwaga mchanga mezani, akaniuliza kama nilikuwa najenga.

Bint_Nyika
Ndiyo maana nikasema simu.

Fundi_Mwanga
Simu nayo ina lake. Apple wenyewe wameandika iPhone itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35. Iache kwenye dashibodi uone itakavyokuzimikia.

Bint_Nyika
Nani anaacha simu kwenye dashibodi, kaka? Yangu hulala kivulini ndani ya kofia, na jangwa zima imelimaliza. Halafu kwenye lori la watu 14, tembo akitokea upande wa pili, wewe na mtutu wako mnapiga picha migongo ya watu.

Mama_Darubini
Nachagua ile isiyobanduka. Ila msidanganyane kwamba haiingizi vumbi: lenzi inayotoka na kuingia huvuta hewa kama pampu. Ivalishe mfuko wa plastiki, toboa tundu la lenzi, kaza kwa mpira. Vumbi lipulize kwa kipulizio cha mkono, si mdomo, mdomo una mate. Swakopmund kuna ukungu baridi wa baharini. Ukitoka nao kuingia chumba chenye joto, acha kamera ndani ya begi kwanza, isije ikalowa umande.

Kobe_Mvivu
Deadvlei, jirani na Sossusvlei, msisahau, ile miti iliyogeuka mawe. Na droni vipi?

Mama_Darubini
Haijageuka mawe. Ni migunga iliyokufa karne sita au saba zilizopita. Ukavu umeizuia kuoza. Droni hifadhini hairuhusiwi bila kibali, iache.

Kobe_Mvivu
Nimeigusa mwenyewe, ngumu kama jiwe.

Mama_Darubini
Hata mguu wa kitanda ni mgumu. Na haitakiwi kuguswa, ndugu yangu.

Mchanga_Mwekundu
Nimeuliza, tunalala nje ya lango. Naelemea ile isiyobanduka, ila 250 bado inanivuta. Kuna aliyejaribu DSLR yenye lenzi ndefu isiyobanduliwa safari nzima, mandhari yote akapiga kwa simu?

Jicho_la_Tatu
Ningejua, ningefanya hivyo. Lakini mambo ya Etosha usiniulize mimi.

Pwani_Kwetu
Mleta mada, hiyo DSLR ukiamua kuiacha, unaiuza?