Magnetomita ya protoni inarukaruka namba, Geita. Msaada kabla ya Ijumaa

Kisima_Kavu: Wakuu, natafuta dhahabu kwa kufuata mkanda wa miamba ya chuma kwenye leseni yangu ndogo ya uchimbaji. Nikisimama palepale magnetomita (kipima nguvu ya sumaku ya ardhi) inasoma nT (nanotesla) 48,700, mara 49,900, mara 48,100. Betri mpya. Nibadilishe mafuta ya taa ndani ya chupa ya sensa?

Dira75: Jua kwanza dhahabu haina usumaku. Unachopima ni magnetaiti, madini ya chuma yenye sumaku. Mara nyingi maji moto yaliyoleta dhahabu yaliila magnetaiti hiyo, kwa hiyo usumaku wa mkanda ukififia ghafla katikati, hapo ndipo pa kuchimba mtaro wa majaribio.

Mama_Miamba: Sensa usiifungue. Una chuma gani karibu? Panga, simu, buti?

Kisima_Kavu: Panga sina. Ila napima nikiwa juu ya bodaboda. Kila mita 20 tunasimama, injini inazimwa. Ni ekari 20, na dereva nimeshamlipa hadi Ijumaa.

Mama_Miamba: Shuka! Injini ikizimwa chuma kinabaki. Kikiwa karibu, uga wa sumaku unatofautiana ndani ya chupa yenyewe, protoni za mafuta zinapoteana mdundo, ishara inakufa kabla kaunta haijamaliza kuhesabu. Sensa iwe kwenye fito la mita 2, pikipiki ibaki mita 20 nyuma.

Nguzo_Tatu: Hii chai. Geita uga wa dunia ni nT 33,000 na ushee. 49,000 ni namba za Ulaya, na pikipiki haiongezi 16,000. Umezinakili mahali.

Kisima_Kavu: Sijatunga, mkuu. Mashine ni mtumba wa Ujerumani. Swichi ya masafa iko kwenye 49 (yaani nT 49,000), niliogopa kuvuruga mpangilio.

Nguzo_Tatu: Samahani, nimekukosea. Tatizo ndilo hilo. Protoni huzunguka mara 0.0426 kwa sekunde kwa kila nT: Geita karibu 1,400, Ujerumani karibu 2,090. Kichujio kinasikiliza 2,090, kinahesabu kelele. Weka 33, panda kidogokidogo hadi ishara iwe na nguvu kabisa. Mhimili wa koili (waya uliozungushwa ndani ya sensa) uulaze mashariki-magharibi, ukingamane na uga. Pima mara tatu kila kituo; zikipishana zaidi ya nT 2, rudia. Kila nusu saa rudi kituo kimoja cha marejeo, maana mchana uga huku hubadilika kwa makumi ya nT.

Kisima_Kavu: Nimeweka 33.5. Palepale: 33,412, 33,413, 33,412! Ila bodaboda mita 5 haitoshi kweli?

Mama_Miamba: Ishirini.